Kadi za Simu Alizoacha Baba

Siku ya kunyoa, siku ya tatu baada ya kumzika baba, nilimfokea baba mdogo mbele ya watu waliokuwa bado wanajipapasa vichwa vilivyotoka tu kunyolewa. Nasema hili mapema ili msomaji asije akanidhania mtu mpole. Hasira zangu ziko karibu. Marehemu baba, aliyenilea peke yake tangu mama afariki nikiwa na miaka sita, alizoea kusema kwamba mimi huchemka kabla sufuria haijafika jikoni. Alisema hivyo akicheka, kwa hiyo sikuona haja ya kubadilika.

Kwetu Bungoma, siku hiyo watu wakishanyolewa, wazee huketi uani na kugawa vitu vya marehemu. Si shamba wala nyumba, hayo yana kikao chake. Hugawa vile vitu vidogo ambavyo mkono wake ulivizoea. Koti huenda kwa mpwa. Jirani huondoka na kikombe, mwingine na mwavuli, na mtu akipewa hata mshipi uliochakaa huupokea kwa mikono miwili. Mgawaji siku hiyo alikuwa baba mdogo, ndugu ya baba anayelima mahindi kule Ndalu. Alipomaliza koti, redio na kiti, aliinua albamu ya kadi za simu, akaanza kuzichomoa moja moja, akimwita huyu na yule. Shangazi wa Malakisi alipewa moja. Fundi cherehani wa mjini alipewa moja. Mwalimu mstaafu, jirani, binamu fulani ambaye sikuwa nimemwona tangu nikiwa shule ya msingi, kila mmoja moja.

Zilikuwa kadi ishirini. Ya mwisho aliitia mfukoni mwake mwenyewe, kisha akanikabidhi albamu ikiwa tupu.

"Hii ndiyo yako, mama," alisema. Kwetu baba mdogo humwita hivyo binti ya ndugu yake.

"Yangu ni haya maplastiki?" nilimuuliza. "Miaka yote hiyo amezikusanya, wewe unazigawa kama biskuti za Krismasi? Si ungeuliza kwanza?"

Niliyosema baada ya hapo siyaandiki yote. Nilimwambia kwamba amemtawanya baba hata udongo wa kaburi haujakauka. Yeye hakunijibu. Ndiyo desturi: siku ya kunyoa, mtoto wa marehemu hajibiwi wala hanyimwi anachotaka, mpaka watu watakapoondoka. Alisema tu, "Utakuja tuongee," akaenda kunawa mikono.

Mimi niliitumia desturi hiyo vibaya. Nilisimama langoni nikanyoosha mkono, na kila aliyepita na kadi nikamdai. Shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipa. Aliitoa kwenye leso, akaitazama kidogo, akaniwekea kiganjani na kunifunga vidole. Nilikusanya saba. Wengine walikuwa wameshaondoka na pikipiki, fundi akiwa mmoja wao.

Inafaa nieleze kadi zenyewe, maana kuna wasomaji ambao hawajawahi kupanga foleni kwenye kibanda cha simu. Zamani hizo, kabla kila mtu hajawa na simu mfukoni, ulinunua kadi ya plastiki, ukaitia kwenye simu ya kibandani, ukaongea huku yuniti zikipungua kwenye kioo kidogo. Zikiisha, kadi imekufa. Watu walizitupa pale pale chini. Halafu ukafika wakati zikatoka kadi za aina ya pekee, kila moja na picha ya jalada la jarida la zamani, lile la enzi za ujana wa baba, lililochorwa kwa mkono na kutiwa rangi kali kali. Zilikuwa picha ishirini tofauti, na baba, karani wa ofisi ya kilimo, mtu asiyevuta wala kunywa, aliazimia kuzipata zote.

Jumamosi alinishika mkono tukaenda mjini. Yeye aliingia kibandani, mimi nikabaki nje na mwavuli wake, nikimwona mgongo tu. Kadi ikiisha alitoka nayo imefungwa kwenye kitambaa cha mkononi, na tukifika nyumbani alikaa mezani nayo kwa muda kabla ya kunionyesha. Pale mezani aliandika mambo mengi, ripoti za mbolea, orodha za mbegu, barua za mkubwa wake, na mimi sikujali mambo ya mezani. Nilingoja picha.

Alizipanga kwenye albamu yenye mifuko kumi ya plastiki. Kwa kuwa mifuko ilikuwa kumi na kadi ishirini, alitia mbili mbili, migongo ikigusana, ili kila upande wa ukurasa uwe na picha. Hakuruhusu mtu kuzichomoa. Alisema mafuta ya vidole huharibu rangi. Jumapili baada ya kanisa ndiyo ilikuwa saa yetu. Nilipanda magotini, yeye akafungua, akaniambia watu wa majaladani wanafanya nini. Mwanamume wa suti kwenye baiskeli, kuku amefungwa nyuma, alikuwa anakwenda kuposa na kuku hajaambiwa. Mwanamke mwenye nywele nyingi, aliyezongwa na waya wa simu mpaka kiunoni, alikuwa akimpigia kaka yake tangu asubuhi. Kipa aliyeruka hewani alikuwa hajatua tangu kabla sijazaliwa, na mama yake alishamwekea chakula kikapoa. Kila Jumapili hadithi ilibadilika, na nikimkumbusha ya wiki iliyopita, alisema wale watu nao wana mambo yao, hawawezi kukaa hivyo hivyo wakitungojea.

Siku moja niliokota kadi ya kipa chini ya kibanda kabla baba hajaipata ya kwake. Nilimkimbilia nayo nikidhani atanirusha juu. Aliipokea, akanishukuru, akarudi kuiweka pale pale nilipoiokota. "Hiyo ni ya mtu mwingine," alisema. Nililia njia nzima. Miezi ilipita ndipo akapata kipa wake, na mimi nikabaki nikiamini kwamba baba alikuwa na vituko vyake kama watu wazima wengine.

Basi, siku ile ya kunyoa nilikuwa nalilia hayo. Mtu mwingine angelilia shamba. Mimi nilitaka kipa wangu, na mposaji wangu, na yule mwanamke wa waya, wote ishirini pamoja, kwa sababu nilihisi kwamba zikitawanyika zile picha, basi na zile Jumapili zimekwisha.

Nilirudi Kitale na kadi saba kwenye mkoba. Nina duka dogo mtaani Matisi, la fotokopi, kuchapa barua na kulaminisha vyeti. Seremala wa jirani alinikatia ubao wa plaiwudi, nikaupaka vanishi, nikachora kwa penseli nafasi ishirini. Nikachukua gundi, ile kali inayogandisha vidole, nikaimimina ubaoni, nikabandika saba zangu, picha juu, bila hata kuzigeuza, nikizikandamiza kwa kidole gumba moja baada ya nyingine. Ya shangazi niliikandamiza zaidi, nikiwaza maneno ya kumjibu baba mdogo, kana kwamba alikuwa chini ya gumba langu. Ubao niliutundika juu ya mashine ya fotokopi. Wateja waliusifu. Baba mdogo alinipigia simu mara mbili, nikaitazama ikilia mpaka ikanyamaza.

Baada ya miezi miwili niliteremka Bungoma kutafuta nyingine, na nikaanza na fundi cherehani kwa sababu alikuwa karibu na stendi. Duka lake liko nyuma ya msikiti, chumba kimoja, kanzu za watu zimening'inia mlangoni. Ni mzee wa asili ya Pwani aliyekaa Bungoma hata Kibukusu, lugha yetu, anakisema bila kujikwaa. Alinikaribisha, akanipa pole tena, akaagiza chai. Mimi nilikuwa nimeshaiona kadi. Ilikuwa imepigiliwa ukutani juu ya cherehani yake kwa vijipini vinne, picha imegeukia ukuta.

Nilijua ni jalada lipi, maana kwenye saba zangu halikuwamo na ndilo pekee ambalo mzee kama yule angeona haya kulitundika: mcheza dansi wa kigauni kifupi, viatu virefu, mkono kiunoni. Nilicheka moyoni. Nikaona kazi yangu itakuwa rahisi.

"Fundi," nilimwambia, "naona hiyo picha haikufai hapa, na wateja wako ni watu wa dini. Nipe mimi, nami nitakuletea kitu kingine cha baba. Kuna saa yake nzuri tu."

"Picha gani, binti?"

"Hiyo uliyoigeuza."

Alitazama ukutani, akanitazama mimi. "Sikuigeuza mimi. Nimeiweka hivyo ili nisome. Kwani huko nyuma kuna picha?"

Nikasimama. Mgongoni mwa kadi, kwenye ule weupe uliobaki chini ya maagizo ya matumizi, palikuwa na maandishi madogo ya kalamu ya wino, yaliyoinamia kulia. Yalikuwa maandishi yaliyosaini kila ripoti yangu ya shule. Nilisoma: *Fundi, kwao Pwani. Cherehani iko sebuleni kwangu, sijaiuza. Nimemwambia arudi.*

Fundi alikunja mikono akanieleza polepole, kama mtu anayepima kitambaa. Duka lake la kwanza lilikufa, akaamua kurudi kwao, akamwachia baba cherehani aiuze. Baba akakaa nayo. Jumamosi moja akampigia huko Pwani, kwa simu ya kaka yake, akamwambia haiuzi wala hamtumii, aje aichukue mwenyewe. "Nilikasirika," alisema fundi. "Halafu nikapanda basi. Watoto wangu wote wanne wamesoma kwa hii hii unayoiona."

Niliikumbuka ile cherehani. Ilikaa sebuleni mwetu muda mrefu, nami niliendesha kanyagio lake nikijifanya dereva wa lori. Sikuwahi kuuliza ni ya nani. Mtoto hudhani kila kilichomo nyumbani kilizaliwa humo.

"Zote zina maandishi?" niliuliza.

"Zote. Baba yako mdogo alikaa nyuma ya nyumba siku mbili, juani, na miwani ya kuazima, akizisoma moja moja apate kujua ya nani ni ya nani. Sisi sote tulimwona. Wewe ulikuwa unalia, binti, na ilikuwa haki yako."

Chai ilikuja. Sikumbuki kama niliinywa. Nakumbuka nilishikwa na haya mpaka masikio yakawa moto, na juu ya haya ikaja hofu, kwa sababu niliuona ule ubao wangu wa plaiwudi, kadi saba, picha juu. Nilikuwa nimetia gundi juu ya mwandiko wa baba.

Siku iliyofuata sikufungua duka. Niliuteremsha ubao, nikauweka kwenye kaunta. Kwanza nilitaka kutumia dawa ya kuondolea rangi ya kucha, maana huyeyusha gundi ile, halafu nikakumbuka kwamba itayeyusha na wino. Kisu kingekwaruza. Mwisho nilichukua uzi wa nailoni, nikaushika ncha mbili, nikaupitisha kati ya kadi na ubao, nikawa nausukuma huku na huku kama mtu anayekata mua kwa kamba. Kadi ya kwanza ilinichukua saa nzima. Ilipobanduka niliigeuza huku nimefumba jicho moja. Vipande vya mbao vilikuwa vimeng'ang'ania, lakini maneno yalisomeka: *Mwalimu. Tuligombana wiki jana. Nimepiga kuomba radhi, yuniti zikaisha kabla hajasema ameniwia radhi. Jumatatu nitamwendea.*

Nikaketi kwenye kiti cha wateja. Yule mwalimu mstaafu alikuwa ndiye aliyesoma wasifu wa baba kaburini. Sikujua kwamba waliwahi kugombana.

Nilizibandua sita, moja baada ya nyingine, mpaka vidole vikachubuka, na zote zilisomeka. Hapakuwa na siri kubwa. Mmoja alipigiwa kuambiwa mvua imenyesha huku, apande. Mwingine alipigiwa kuulizwa tu kama jino limepona. Kila kadi aliyoiweka baba ilikuwa na simu ya mwisho iliyopigwa nayo, nani na nini, kwa sentensi moja au mbili. Ndipo nikaelewa kwa nini kadi ya kuokota aliirudisha chini. Haikuwa na mtu wake ndani.

Ya saba ilikuwa ya shangazi, na hapo ndipo nilipolipia hasira zangu. Nilikuwa nimeikandamiza mno. Uzi ulikatika mara tatu. Ilipotoka, nusu ya uso wa nyuma ilibaki kwenye ubao, na kwenye kadi yalibaki maneno haya tu: *Kwa dada, Malakisi. Mtoto*. Nilitafuta mengine kwenye plaiwudi kwa kioo cha kukuzia, sikuona ila madoa ya buluu.

Nilimpelekea hivyo hivyo. Sikuwa na njia nyingine. Shangazi anaishi nje kidogo ya soko la Malakisi, kwenye boma lenye banda la zamani la kukaushia tumbaku, ambalo siku hizi wanawekea kuni. Nilimkuta anachambua mboga ya kunde. Nilikuwa nimejiandalia hotuba tangu Kitale, lakini nilipomwona nilimwekea tu kadi mapajani, nikasema nimeiharibu.

Aliishika mbali na macho, akaigeuza, akaigeuza tena. "Hii kadi ilikuwa na maneno mingi," alisema.

"Niliibandika kwa gundi, shangazi. Sikujua."

"Hukujua? Mimi nilifikiria umesoma ndiyo unaitaka."

"Sasa kwa nini ulinipa, kama unaipenda hivyo?"

"Siku kama ile ungeniomba meno, ningekupa meno," alisema, akaanza kucheka, akacheka mpaka akapangusa macho kwa kanga. Kisha akaniambia maneno yaliyopotea bila hata kufikiri: "Iliandikwa, *Mtoto amenyonya leo*."

Mwanawe wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati. Kwa wiki tatu hakuweza kunyonya, wakimpa maziwa kwa kijiko, tone moja moja, na watu wa huko walishaanza kumwambia asimpe jina haraka. Kila Jumamosi saa nne baba alipiga simu ya duka moja sokoni, na shangazi alikuwa ameshafika, amekaa kwenye gunia akingoja. Jumamosi mbili hakuwa na jipya la kumwambia. Ya tatu akamwambia, mtoto amenyonya leo.

"Akasema nini?" niliuliza.

"Hakusema kitu. Nilimwita, kaka, uko? Namsikia anapumua tu. Yuniti zinaenda, ti, ti, ti, mpaka simu ikakatika. Alimaliza kadi nzima akinyamaza." Alichukua kunde nyingine. "Sasa mimi hiyo picha ya mbele sijui hata ni ya nini. Mimi nilikuwa naangalia huku nyuma, najua siku hiyo mtu alilia na mimi."

Yule mtoto ndiye mwanamume mwenye mwili mkubwa aliyenipokea stendi na pikipiki yake, akanilalamikia njia nzima kuhusu bei ya petroli.

Shangazi alinyoosha mkono, akaagiza kalamu kutoka ndani. "Andika," aliniambia. Nilisema siwezi, huo ni mwandiko wa baba. Akasema mwandiko wa baba umekwisha na mtoto hajamalizia kunyonya, niandike. Nikaandika. Kadi hiyo sasa ina miandiko miwili, ya baba inayoinama na yangu iliyosimama wima, na shangazi aliifunga kwenye leso bila kuniuliza kama naitaka. Nilimshukuru. Nilikuwa nimekwenda nikitarajia kusamehewa kwa shida, na yeye alinipa kazi.

Baada ya hapo nilizunguka kwa wote. Sita nilizobandua nilizirudisha kwa wenyewe, na kwa waliobaki nazo nilibisha hodi, nikaomba kusoma tu. Hakuna aliyeninyima. Wengine walinipikia. Karibu kila nyumba ilinieleza simu yake, na karibu kila mtu, nilipomuuliza ni picha gani ilikuwa mbele, ilibidi aigeuze ndipo ajue. Mimi nilizijua zote ishirini kwa moyo, rangi ya viatu, mkunjo wa suti, na sikuwa nimesoma hata neno moja. Nilianza kuona kwamba baba aligawa mwenyewe zamani sana, kabla ya baba mdogo. Wao aliwapa nyuma, mimi akanipa mbele.

Hata hivyo, nitasema ukweli, kulikuwa na kitu kilichokuwa kinanichoma, na kilizidi kadiri nilivyosoma. Nilikuwa nimesoma kadi kumi na tisa na sikuwamo. Alikuwamo mtu aliyeumwa jino. Alikuwamo binamu niliyemsahau. Mtoto wake wa pekee hakuandikwa popote. Wivu wa mtu mzima ni kitu cha aibu, lakini ulikuwapo, nao ndio, pamoja na deni la kuomba radhi, ulionipeleka Ndalu.

Nilimkuta baba mdogo amekaa uani, anapukuchua mahindi ya mbegu kwa mkono, kofia imevutwa mbele. Nilipiga magoti kama tunavyosalimia wakubwa, na hapo hapo nikamwambia nimekosa, nilimtukana siku ambayo yeye naye alikuwa amefiwa. Aliniacha nimalize. Kisha akasogeza kigoda kwa mguu.

"Kaa, mama. Si nilikuambia utakuja tuongee?"

Alinipa gunzi langu, nikapukuchua naye. Tuliongea kuhusu mvua, kuhusu viwavi, kuhusu mke wake aliyekwenda kanisani kwenye mkutano wa akina mama. Nilijitahidi kuwa mtulivu. Sikuweza.

"Baba mdogo, nimezisoma zote. Kumi na tisa. Mimi siko."

"Wewe angekupigia wapi?" aliuliza, bila kuinua macho. "Mlikuwa mnalala nyumba moja."

Ni jambo dogo kabisa, na katika kuzunguka kwangu kote halikunijia. Mtu haweki kumbukumbu ya kumpigia simu mtoto aliyesimama nje ya kibanda na mwavuli wake.

Baba mdogo alijipangusa mikono, akaingia ndani, akarudi na kadi ya ishirini. Jalada lake lilikuwa la mzee anayesoma gazeti, kiatu kimoja amekivua. Aliishika kwanza, hakunipa mara moja.

"Hii ndiyo ya kwanza kuweka," alisema. "Mama yako akiwa amezikwa, tulikaa sisi wazee tukaona mwanamume peke yake hawezi na mtoto msichana. Tukakata shauri uje hapa, mama ya watoto wangu akulee. Yeye hakusema kitu kwa kikao. Mimi nikachonga kitanda. Hata shule nilikuandikisha. Nilikuwa nakuja kukuchukua Jumapili. Jumamosi nikaitwa kwa duka, ati kuna simu yako kutoka Bungoma."

Akanipa. Maandishi yalijaa mpaka ukingoni, madogo, yamebanana, ya mtu aliyekuwa hajajua bado kwamba ataandika nyingine kumi na tisa.

*Kwa mdogo wangu, Ndalu. Nimemwambia asije kesho. Mtoto nitakaa naye mwenyewe. Amesema sijui hata kusuka nywele. Nimemwambia nitajifunza.*

Niliisoma mara nyingi. Baba mdogo alirudia mahindi yake, akaniacha. Nilimlilia baba pale kuliko nilivyomlilia kaburini, na kilio chenyewe hakikuwa cha huzuni. Kilikuwa cha mtu aliyepewa kitu kikubwa miaka mingi iliyopita na hakuwahi kusema ahsante, kwa sababu alikuwa anakitumia kila siku.

Nilimrudishia kadi yake. Aliitia mfuko wa shati, kisha akaniuliza, kama mtu anayeulizia jambo la juzi:

"Na alijifunza?"

"Alijifunza," nilisema. "Mistari ilikuwa inapinda, watoto shuleni walinicheka. Lakini alijifunza."